Ituri: Emin Pasha, munganga wa bandari aliyetawala Ziwa Albert kwa meli mbili

BUNIA – Mtu akitoka Bunia asubuhi na kufuata njia ya Bogoro, baada ya kilomita hamsini na kitu anafika Kasenyi, kwenye ukingo wa Ziwa Albert. Njia inateremka mlima mkali, joto linaongezeka, na ghafla maji yanaonekana mbele, na ngambo yake milima ya Uganda. Chini, kwenye bandari, mitumbwi ya motere inapakuwa samaki, akina mama wanapanga bei ya sangala, na vijana wanashona nyavu.

Wavuvi wa Kasenyi na Tchomia wanajua ziwa hili kwa namna yao. Wanajua kwamba upepo wa mchana unaweza kuamka bila kupiga hodi, ndiyo maana safari nyingi zinaanza usiku ao alfajiri. Wanajua pia kwamba ziwa halikuwa mpaka tangu zamani. Babu zao walivuka kwa mitumbwi iliyochongwa kutoka shina moja la mti, wakaenda Kibiro, upande wa Bunyoro, kutafuta chumvi. Chumvi hiyo ilifika kwa Waalur, kwa Wahema na kwa watu wengine wa ukingo huu wa magharibi. Wanyoro waliita ziwa Mwitanzige, yaani muua nzige. Jina la Albert lilikuja mwaka wa 1864 na Mwingereza Samuel Baker, na wakati wa Mobutu ziwa likaitwa kwa jina la rais kwa miaka kadhaa.

Wazee wanapozungumzia meli za bandari hii, wengi wanakumbuka zile za wakati wa ukoloni, kama Robert Coryndon, ambayo kuanzia mwaka wa 1930 ilikuwa ikitoka Butiaba, Uganda, ikipita Kasenyi na Mahagi-Port. Lakini meli za moshi zilikuwa zimekwisha kufika kwenye ukingo wetu zaidi ya miaka hamsini mbele ya hapo. Mtu aliyezitumia kuliko wote alikuwa munganga mfupi, mwembamba, mwenye miwani minene. Ulimwengu unamjua kwa jina la Emin Pasha. Maisha yake yalianza mbali sana na Ituri, na yaliishia katika pori la Congo.

Mtoto wa Oppeln

Alizaliwa tarehe 28 Machi 1840 katika mji wa Oppeln, katika ufalme wa Prussia. Leo mji huo unaitwa Opole na uko Poland. Wazazi wake, Wayahudi, walimpa jina la Isaak Eduard Schnitzer. Alipokuwa na miaka miwili familia ilihamia mji wa Neisse. Baba yake alikufa mwaka wa 1845, mama akaolewa na Mkristo, na mtoto akabatizwa katika kanisa la Kilutheri.

Alisomea uganga Breslau, Königsberg na Berlin, akamaliza mwaka wa 1864. Lakini alikosa ruhusa ya kufanya kazi hiyo katika nchi yake, naye akaamua kwenda kutafuta maisha katika dola ya Waturuki.

Hapo ndipo alipokutana na bandari kwa mara ya kwanza. Mwaka wa 1865 alipata kazi Antivari, mji mdogo wa bahari ya Adria ambao leo unaitwa Bar, nchini Montenegro. Alikuwa munganga wa bandari na wa karantini. Kazi yake ilikuwa kuangalia meli zinazoingia, kama zimeleta kipindupindu ao ugonjwa mwingine, na kuamua nani ashuke na nani abaki majini. Kazi ya namna hiyo inafundisha mtu mambo mawili: kuandika kila kitu, na kuzungumza na kila mtu kwa lugha yake. Schnitzer alijifunza Kituruki, Kialbania na Kigiriki.

Mwaka wa 1870 aliingia katika nyumba ya Ismail Hakki Pasha, liwali wa Albania ya kaskazini. Liwali huyo alipokufa mwaka wa 1873, Schnitzer alimchukua mjane pamoja na watoto wake, akawapeleka Neisse kwa familia yake. Kisha mwaka wa 1875 akaondoka ghafla bila kuaga na kuwaacha wote. Ni tendo ambalo hata waliompenda hawakuweza kulitetea. Mwisho wa mwaka huo alionekana Khartoum, Sudan, akiwa na jina jipya, Mehemet Emin, na akiishi kama Mwislamu.

Meli zilizobebwa juu ya mabega

Wakati huo Misri ilikuwa inapanua utawala wake kuelekea kusini, kwenye mto Nile. Jimbo la mwisho kabisa liliitwa Ikweta. Liwali wake, Mwingereza Charles Gordon, alimwita Emin mwaka wa 1876 awe munganga mkuu kule Lado, katika Sudan Kusini ya leo. Gordon aliona upesi kwamba mtu huyu anajua kusema na wafalme. Akamtuma kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, na mwaka wa 1877 kwa Kabalega, mfalme wa Bunyoro. Kabalega na Emin walielewana vizuri, na urafiki wao ulidumu miaka kumi.

Katika siku hizo Gordon alikuwa na shida moja kubwa: namna ya kufikisha meli katika Ziwa Albert. Nile haipitiki moja kwa moja, kwa sababu kati ya Lado na Dufile kuna maporomoko. Baker alikuwa ameleta kutoka Uingereza meli za chuma zilizofunguliwa vipande vipande. Vipande hivyo vilibebwa na watu kando ya maporomoko mpaka Dufile, na huko mafundi wakaviunganisha tena msumari kwa msumari. Meli kubwa, Khedive, ilikuwa ya tani 108. Ndogo, Nyanza, ilikuwa ya tani 38. Mwaka wa 1876 Mwitaliano Romolo Gessi, mtu wa Gordon, alizunguka ziwa lote kwa mashua mbili za chuma na kuchora ukingo wake.

Mwaka wa 1878 Emin alifanywa liwali wa jimbo hilo. Munganga wa bandari akawa mkubwa wa nchi yenye askari, ngome na meli mbili.

Aliendesha jimbo lake kwa njia ya maji. Kwenye ukingo wa magharibi, upande ambao leo ni Ituri, aliweka vituo Mahagi, Tunguru na Mswa. Meli ilihitaji kuni nyingi, kwa hiyo kila kituo kilikuwa pia mahali pa kupakia kuni, chakula na barua. Meli ilileta pembe za ndovu, nafaka na ng'ombe. Wenyeji waliokata kuni hizo na kuonyesha mahali penye mchanga na penye mawe hawakuandikwa majina katika vitabu, lakini bila wao Khedive isingesogea.

Sherti tuseme ukweli wote. Emin alipiga vita biashara ya watumwa katika jimbo lake, na alikuwa mtu mpole kuliko maliwali wengi wa wakati ule. Lakini askari wake walikula kutoka ghala za raia. Mshahara ulipokosa kufika kutoka Khartoum, nafaka na ng'ombe walichukuliwa kwa nguvu vijijini. Pembe za ndovu zilizorundikwa katika ghala za serikali zilikuwa mali ya watu wa huku, na zililipwa kidogo ao hazikulipwa kabisa.

Kwa mikono yake mwenyewe Emin alifanya kazi nyingine. Kila siku alipima joto na mvua, akakusanya maua, wadudu na ndege, akakausha ngozi zao na kuzituma kwa nyumba za makumbusho za Ulaya. Panya mkubwa wa misitu yetu, yule anayeuzwa mara nyingi sokoni, katika vitabu vya sayansi ana jina lake.

Amefungiwa kwenye ziwa

Mwaka wa 1881 Mahdi aliinuka Sudan. Tarehe 26 Januari 1885 Khartoum ilianguka na Gordon akauawa. Njia ya Nile ikafungwa. Emin alirudi kusini mpaka Wadelai, karibu na ziwa, pamoja na askari wake, wake zao na watoto. Pamoja naye walikuwa Mwitaliano Gaetano Casati na Mrusi Wilhelm Junker. Junker aliondoka mwaka wa 1886 akipita Bunyoro na Buganda, akafikisha pwani barua za Emin.

Kwa miaka hiyo Emin alikaa kama mtu aliye kisiwani. Upande wa kaskazini walikuwa watu wa Mahdi, na upande wa magharibi msitu. Upande wa mashariki Kabalega alikuwa ameanza kumshuku. Januari 1888 Kabalega alimfukuza Casati, ambaye alikuwa mjumbe wa Emin kwake. Casati alikimbilia ukingo wa ziwa bila kitu, na Emin akaja na Khedive kumchukua. Aliyekuwa na meli alikuwa bado na njia ya kutokea.

Ulaya ilisoma barua zake na kupiga kelele kwamba sherti aokolewe. Pesa zilikusanywa Uingereza, na Henry Morton Stanley akapewa kazi hiyo. Lakini kila aliyetoa pesa alikuwa na hesabu yake. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alitaka jimbo la Emin liingie katika Leta yake ya Congo, na alimwahidi mshahara wa pauni 1500 kwa mwaka. Mwingereza William Mackinnon alitaka watu wa Emin waingie katika kampuni yake ya Afrika Mashariki. Pembe za ndovu za Wadelai zilikuwa katika mawazo ya wote.

Stanley aliondoka Zanzibar Februari 1887 kwa meli, akazunguka rasi ya kusini ya Afrika mpaka mdomo wa mto Congo. Alikuwa pamoja na Tippu Tip na mamia ya wapagazi Wangwana. Juni alitoka Yambuya, kwenye mto Aruwimi, na watu karibu 390, akaingia katika msitu wa Ituri. Njaa, mishale ya wenyeji waliolinda mashamba yao, na magonjwa viliua karibu nusu yao. Alipita akinyang'anya ndizi na kuchoma vijiji, na kumbukumbu hiyo haikufutika upesi.

Tarehe 13 Desemba 1887 Stanley alifika ziwani, chini ya milima ambayo sisi tunaiteremka kwenda Kasenyi. Hakuona meli yoyote. Mashua yake ya chuma, Advance, alikuwa ameiacha msituni. Mtumbwi wa kumbeba hakupata, na ukingoni hakuna aliyemjua mzungu wa Wadelai. Baada ya kupita njia yote hiyo alirudi msituni, akajenga ngome iliyoitwa Fort Bodo, na kutuma watu kuchukua mashua. Kukosa mashua moja kulimgharimu zaidi ya miezi minne.

Aprili 1888 alirudi na Advance. Kijana wake, Arthur Jephson, aliiendesha mpaka Mswa, akampata Emin. Jioni ya tarehe 29 Aprili 1888, Khedive ilifika karibu na kijiji cha chifu Kavalli. Emin alishuka akiwa amevaa nguo nyeupe safi. Watu wa Stanley walikuwa wamevaa matambara. Mtu aliyekuja kuokolewa ndiye aliyewapa waokozi nguo, viatu, chumvi, asali na tumbaku kutoka ghala za meli yake.

Siku meli zilipomtoka

Emin hakutaka kuondoka. Alikuwa amekaa miaka kumi na miwili, na mke wake Mhabeshi alikuwa amemwachia binti mdogo, Ferida. Alirudi Wadelai na Jephson kuuliza askari wanataka nini. Wengi walikataa kwenda. Hawakuamini kwamba Khartoum imeanguka, na walisikia uvumi kwamba Stanley anawapeleka kuwauza. Agosti 1888, kule Dufile, waliasi, wakamfunga liwali wao pamoja na Jephson, wakachukua meli.

Novemba watu wa Mahdi walishambulia Dufile. Waasi walijitetea na kuwarudisha nyuma. Katika vurugu hiyo Emin aliachiliwa, akashuka ziwa mpaka Tunguru. Tarehe 17 Februari 1889 alifika katika kambi ya Stanley kwa Kavalli. Kwa majuma kadhaa mizigo ya maofisa Wamisri ilipandishwa kutoka ukingoni mpaka juu ya mlima: vitanda, vyungu vikubwa, hata mawe ya kusagia. Wangwana waliobeba walinung'unika, na walikuwa na haki. Kupitia watu kama hao, na Wamanyema waliowatangulia, Kiswahili kilizidi kuingia katika Ituri, na lugha hiyo ikabaki wao walipoondoka.

Tarehe 10 Aprili 1889 msafara wa watu wapata 1500 uliondoka. Ulipita Semliki, chini ya Ruwenzori, mpaka Ziwa Edward, kisha kusini na mashariki kuelekea bahari. Watu wa Emin walikuwa wapata 600, na waliofika pwani hawakutimia 300. Wengi walikufa ao walibaki njiani.

Bagamoyo na dirisha

Tarehe 4 Desemba 1889 waliingia Bagamoyo, bandari ya zamani ya majahazi, mwisho wa njia zote za misafara ya bara. Wapagazi kutoka Unyamwezi na Manyema walikuwa wakitua huko pembe zao kabla hazijavushwa kwenda Zanzibar. Wadachi, waliokuwa wameshika mji, walifanya karamu kubwa usiku ule. Emin, ambaye macho yake yalikuwa mabaya sana, alipita katika chumba cha ghorofa, akafikiri dirisha ni mlango wa baraza, akaanguka chini. Kichwa kilipasuka. Stanley aliendelea na safari kwenda kupokea sifa zake, naye Emin akabaki hospitali.

Alipopona hakurudi Ulaya. Aliingia katika kazi ya Wadachi, na tarehe 26 Aprili 1890 akatoka Bagamoyo kurudi bara, pamoja na mtaalamu wa wanyama Franz Stuhlmann. Novemba mwaka huo alianzisha kituo cha Bukoba, kwenye Ziwa Victoria, na mji wa bandari uliomea hapo uko mpaka leo, nchini Tanzania.

Lakini wakati Emin akiwa njiani, Uingereza na Ujerumani walikuwa wamekwisha kugawana nchi. Mapatano ya tarehe 1 Julai 1890 yaliiweka Uganda mikononi mwa Waingereza. Safari yake haikuwa na maana tena kwa Wadachi, nao wakamwita arudi. Yeye hakurudi, akaendelea kuelekea ziwa lake.

Mwaka wa 1891 alifika Undusuma, upande wa Andisoma ya leo katika Irumu, si mbali na mahali ambapo baadaye mji wa Bunia ulijengwa. Aliwapata askari wake wa zamani kwa Kavalli, chini ya Selim Bey. Aliwaomba wamfuate, lakini wengi walikataa. Bendera aliyokuja nayo haikuwa ile waliyoapa kuitumikia. Septemba mwaka huo Mwingereza Frederick Lugard alikuja kutoka Uganda na kuwachukua pamoja na jamaa zao. Wajukuu wao ndio Wanubi wa Uganda na wa Kibera, Nairobi. Kwa hiyo sehemu ya historia ya Kibera ilianza hapa kwetu, juu ya milima ya ziwa.

Kinena

Emin hakuwa na askari wa zamani tena, wala meli, wala macho. Ndui iliingia katika kambi. Desemba 1891 alimwamuru Stuhlmann achukue watu wazima na kurudi Bukoba, naye akabaki na wagonjwa. Machi 1892 aliingia katika msitu wa Ituri, akiongozwa na Wamanyema, kuelekea magharibi. Alitaka kufika Lualaba, na kutoka huko kushuka kwa maji mpaka bahari.

Oktoba alifika Kinena. Vita kati ya Leta ya Congo na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili vilikuwa vimeanza, na hakuna mzungu aliyekuwa salama tena katika nchi hiyo. Kibonge, mkubwa wa mji wa mto, alitoa amri auawe. Tarehe 23 Oktoba 1892 watu wake walitumwa shambani kutafuta chakula. Emin alibaki mezani na makaratasi yake na ndege wake waliokaushwa. Alishikwa na kukatwa koo. Alikuwa na miaka 52. Waliomuua walikamatwa na kunyongwa mwaka wa 1894, naye Kibonge aliuawa na Leta mwanzo wa mwaka wa 1895. Daftari zake nyingi ziliokolewa, na Stuhlmann alizichapisha miaka mingi baadaye.

Leo ghuba moja ya Ziwa Victoria ina jina la Emin Pasha. Kwenye bandari ya Kasenyi, kijana anayeshona nyavu anaweza asilijue jina hilo. Lakini anajua kuangalia upepo kabla ya kuvuka, na anajua watu wa ngambo kwa majina. Chumvi, samaki na ndugu vilivuka ziwa hili kabla ya Khedive kufika, na bado vinavuka. Mwalimu wa historia akipata usalama na nafasi ya kuteremsha wanafunzi wake kutoka Bunia mpaka ukingoni, awaonyeshe mahali meli ile ilipokuja kutua, na awape nafasi wavuvi wazee waseme pia.